Ile Herufi U Iliyo Angani Ni Yetu. Je, Kazi Ilikuwa ya Nani?

Shuka steji ya Uhuru Market pale Jogoo Road, simamisha watu kumi, uwaulize swali moja tu: "Uhuru ni nini?"

Mimi nilifanya hivyo wiki jana, simu mkononi. Fundi aliyekuwa akishona sare za shule alinionyesha jengo lenyewe na kidole: "Si ndiyo hii soko umesimama?" Makanga mmoja akasema ni mtaa, Uhuru Estate, na akaniambia nisiwakatie njia abiria wake. Mzee mmoja mwenye kofia akasema ni 1963, akataka kunieleza yote kuanzia Mau Mau. Dogo wa shule akasema ni rais wa nne. Mwingine akasema ni park. Mwingine, highway.

Hakuna hata mmoja aliyesema: setilaiti.

Siwalaumu. Mimi nimekulia Jericho, nimecheza mpira Uhuru Estate nikiwa mdogo, nimenunuliwa sweta ya shule Uhuru Market, na nimejua stori hii juzi tu. Na nilipoijua niliruka juu nikitaka kurekodi video yenye kichwa "Kenya Ilishinda Nobel na Hukuambiwa". Video hiyo haikutoka. Sista yangu mdogo aliiua kwa swali moja. Nitafika hapo.

Kwanza, stori yenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi moja iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama ndani ya Bahari Hindi, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa hilo linaitwa San Marco. Lilikuwa la Waitaliano, chini ya profesa mmoja mhandisi aitwaye Luigi Broglio. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, aina ya Scout. Juu yake kulikuwa na setilaiti ya NASA yenye uzito wa kilo kama 140, yaani uzito wa wasee wawili wa kawaida. Jina lake la ofisini lilikuwa SAS-A.

Aliyesimamia mradi huo NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme, wakati ambapo wanawake kwenye vyumba hivyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kwa kuwa siku ya kuruka iliangukia Jamhuri Dei, na kwa kuwashukuru Wakenya kwa ukarimu wao, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama anga kwa eksirei. Si eksirei ya kupiga mkono uliovunjika. Ni miale ya aina ileile, lakini inayotoka kwenye nyota na vitu vingine huko mbali. Miale hiyo haifiki chini kwetu. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu huimeza yote, na ni vizuri, la sivyo tungeshachomeka. Kwa hiyo ukitaka kuiona, lazima utoke nje ya hewa.

Sasa, ni nani aliyetaka kuiona?

Jina lake Riccardo Giacconi, Mwitaliano, aliyezaliwa Genoa 1931. Hapa ndipo stori inaponishika, kwa sababu Giacconi hakuanza kama mtu wa nyota. Alianza kama mtu wa chembe. Alisoma Milan, akamaliza shahada ya udaktari 1954, akifanya kazi ya kunasa chembe zinazoanguka kutoka angani, zile zinazoitwa miale ya kosmiki. Kifaa chao kilikuwa sanduku lenye mvuke. Chembe ikipita ndani, inaacha mstari mwembamba wa matone, kama ule moshi mweupe ambao ndege huacha juu ya Eastleigh asubuhi. Wewe huioni chembe. Unaona alama ya mahali ilipopita.

Shida ya kazi hiyo ni kungoja. Chembe unayoitaka haiji ukiiita. Unaweza kukaa miezi na miezi ukipata matukio machache ya kuhesabu. Mwaka 1956 Giacconi alienda Marekani, akaendelea na kungoja kulekule. Halafu 1959 akajiunga na kampuni ndogo Cambridge, Massachusetts, ambako alikutana na Bruno Rossi, mwanafizikia mwingine wa miale ya kosmiki, aliyekuwa ametoroka Italia 1938 kwa sababu sheria za kibaguzi za Mussolini ziliwafukuza Wayahudi kazini. Rossi akamwambia: jaribu kutazama anga kwa eksirei.

Tarehe 18 Juni 1962 walirusha roketi ndogo huko New Mexico. Roketi za namna hiyo hazikai juu. Zinapanda, zinakupa dakika chache za kuangalia, zinaanguka. Walikuwa wamepanga kuutazama mwezi. Badala yake wakakuta kitu kinang'aa kwa eksirei upande wa kundi la nyota la Nge, kikali kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Leo kinaitwa Scorpius X-1.

Giacconi akapiga hesabu. Dakika chache kwa kila roketi hazitoshi. Unahitaji kitu kinachokaa juu, kinachozunguka polepole na kufagia anga lote. Unahitaji setilaiti. Ilichukua miaka mpaka 1970.

Na hapa Kenya inaingia, si kwa bahati. Kuna sababu tatu na zote ni za Fizikia.

Ya kwanza: ikweta. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi unayosimama inakimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha roketi kutoka hapo kuelekea mashariki, unapewa msukumo huo bure, kama mtu anayeruka kutoka kwenye mat ambayo bado inatembea. Ya pili: mashariki mwa Malindi ni bahari tupu. Kipande cha roketi kikianguka, kinaanguka kwenye maji na si kwenye paa la mtu. Ya tatu ndiyo tamu zaidi. Juu ya dunia kuna sehemu zilizojaa chembe zenye umeme zilizonaswa na sumaku ya dunia. Setilaiti ikipita humo, vifaa vyake vinahesabu chembe hizo na kudhani ni eksirei. Kelele tupu. Lakini ukizunguka chini chini juu ya ikweta, unakwepa sehemu kubwa ya kelele hiyo. Yaani mtu wa chembe alihitaji mahali penye chembe chache. Akakuja kwetu.

Kisha Uhuru ikafanya kazi. Kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka 1973, ilifagia anga. Kabla yake vitu vinavyotoa eksirei vilivyojulikana vilikuwa kadhaa tu. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vitu 339. Ilionyesha nyota moja, Centaurus X-3, ikipiga kama moyo kila sekunde 4.8, huku ikizunguka nyota nyingine kwa siku kama mbili. Hiyo ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyokufa, inayonyonya gesi ya jirani yake. Na ilipotazama Cygnus X-1, ikakuta mwanga unaoruka-ruka haraka bila mpangilio. Watu wa darubini za kawaida wakafuata hapo, wakapima, na Cygnus X-1 ikawa kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kuwa ni shimo jeusi.

Shimo jeusi la kwanza, wasee. Na setilaiti iliyoelekeza kidole ilitoka Ngomeni.

Zaidi ya hapo, orodha ile ya mwisho inaitwa 4U. Vitu vyake vina majina kama 4U 1700-37. Nne ni toleo la nne. U ni Uhuru. Mpaka leo mwanafizikia aliye Tokyo au Chicago akiandika jina la kitu hicho, anaandika herufi ya kwanza ya neno letu, hata kama hajui linatamkwaje.

Mwaka 2002 Giacconi akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Nusu ya tuzo ilikuwa yake. Nusu nyingine waligawana watu wawili waliokuwa wakiwinda kitu kigumu zaidi ya eksirei: nyutrino.

Nyutrino ni chembe ndogo isiyo na umeme, na karibu haigusi chochote. Jua linatutumia kwa wingi usioaminika. Zaidi ya bilioni 60 zinapita kwenye ukucha wako wa kidole gumba kila sekunde, na ukilala usiku zinakuja kutoka chini ya kitanda, baada ya kupita dunia nzima. Hazikuamshi. Sasa utanasa vipi kitu kama hicho?

Raymond Davis, Mmarekani, alijaribu kwa dawa ya kufulia nguo. Sitanii. Ile kemikali ya drai klina, ile harufu inayotoka kwenye suti ya mathe akiichukua pale Buruburu kabla ya harusi. Alijaza tangi lenye tani kama 600 za hiyo dawa, akaliweka karibu mita 1,500 chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, ili mwamba uzuie chembe nyingine zote. Nyutrino moja moja ikigonga klorini iliyo kwenye dawa, inaigeuza kuwa atomu ya agoni. Davis alikuwa mkemia. Kazi yake ilikuwa kuzitoa hizo atomu chache kutoka kwenye tangi zima na kuzihesabu. Kwa karibu miaka 30 alihesabu kama 2,000 hivi. Yaani miongo kadhaa ya maisha ya mtu, ukijumlisha na matayarisho, kwa atomu ambazo hata zote pamoja huwezi kuziona.

Na hesabu yake ilikataa. Alipata kama theluthi moja tu ya nyutrino ambazo wataalamu wa nadharia walisema jua linapaswa kutoa. Kwa miaka mingi swali lilikuwa: Davis amekosea, au jua limekosewa? Wote wawili walikuwa sawa. Nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, na tangi la Davis lilitambua aina moja tu. Majaribio ya Japani 1998 na ya Kanada 2001 na 2002 ndiyo yaliyothibitisha.

Wa tatu alikuwa Masatoshi Koshiba wa Japani, na tangi lake la maji mgodini Kamioka. Tarehe 23 Februari 1987, mwanga wa nyota iliyolipuka katika galaksi jirani ulifika duniani, na tangi lake likanasa nyutrino 12. Kumi na mbili tu. Zilitosha kuandika historia.

Davis alipanda jukwaani Stockholm akiwa na miaka 88. Kenya siku hiyo, Desemba 2002, tulikuwa tunajiandaa kwa ile kura iliyomaliza miaka 24 ya Moi. Sidhani kuna mtu Jericho aliyejua kwamba mmoja wa wale watatu alifika hapo kwa setilaiti yenye jina letu.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilitaka kupiga kelele. Jioni hiyo nilikuwa sebuleni nikifanya mazoezi ya kusema mbele ya simu. "Kenya ilishinda Nobel!" Sista yangu alikuwa mezani na zile fomu za kuchagua mkondo wa sekondari ya juu. Yuko Gredi ya 9. Alikuwa ameninyamazia tangu wiki iliyopita, kwa sababu aliniambia anataka STEM, anataka Fizikia, na mimi nikamcheka. Nilimwambia: "Fizikia ya nini, na sisi ni watu wa Eastlands? Chagua kitu utapata nacho kazi." Mathe alisikia na hakusema kitu. Kunyamaza kwake nilikuchukua kama kukubali.

Sasa aliinua kichwa. "Bro, hapo kwa hiyo stori, Mkenya ni nani?"

Nikasema: "Vipi Mkenya ni nani? Ni Malindi! Inaitwa Uhuru!"

"Sijauliza inaitwaje. Nauliza nani alifanya hiyo kazi."

Nikafungua simu nikatafuta. Makala ya 1971 iliyotangaza matokeo ya kwanza ya Uhuru ina majina matano: Giacconi, Kellogg, Gorenstein, Gursky na Tananbaum. Nilisoma mara mbili, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo. Hakuna Kamau. Hakuna Otieno. Hakuna Kazungu wala Karisa, na kazi ilitoka kwao kabisa.

Tulitoa bahari. Tulitoa ikweta. Tulitoa siku na jina. Na wapo wenyeji wa pwani waliofanya vibarua vya kituo. Lakini mezani, pale ambapo karatasi ilikuwa inasomwa na mtu anasema "hebu angalia hii inapiga kila sekunde 4.8", hatukuwepo.

Unaweza kusema hiyo ni dhuluma na ukaishia hapo. Mimi pia nilitaka kuishia hapo, kwa sababu hasira inapendeza kwenye video. Lakini angalia mwaka. 1970 ndio mwaka ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama chuo kikuu kinachojitegemea. Kabla ya hapo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Yaani setilaiti inaruka Ngomeni, na chuo ambacho kingemlea Mkenya wa kuisoma ndio kwanza kinajifunza kutembea. Katika miaka saba ya uhuru huwezi kumtoa mtu darasa la kwanza mpaka udaktari wa Fizikia. Hesabu haikubali.

Kwa hiyo swali la 1970 nalisamehe. Swali ninaloshindwa kulisamehe ni la baadaye. San Marco iliendelea kurusha mpaka 1988. Watoto wangapi wa Eastlands waliambiwa darasani katika miaka hiyo yote kwamba shimo jeusi la kwanza lilitambuliwa kwa setilaiti iliyoruka kwao? Mimi sikuambiwa. Katika shule yangu, ambayo sitaitaja, maabara ilikuwa na kufuli kuliko vifaa. Tulisoma mawimbi kwa kuchorewa ubaoni. Kidato cha pili kikiisha niliacha Fizikia kama wengi wetu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilidhani nimechagua. Nikiangalia nyuma naona niliondolewa polepole, na mwishowe nikaita hilo chaguo langu.

Na wiki iliyopita nikamfanyia sista yangu jambo lilelile, tena nikicheka.

Mambo yamesonga, lazima niseme ukweli. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa msaada wa Waitaliano na Wajapani. Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 iliruka, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria. Iliruka kutoka California. Fikiria hilo kidogo. Mwaka 1970 Wamarekani walileta setilaiti yao kwetu ili iruke. Mwaka 2023 sisi tulipeleka yetu kwao. Zamani tulikuwa na mahali bila watu mezani. Sasa tunaanza kuwa na watu mezani, na mahali tumepaacha kimya.

Na kwenye chembe zenyewe pia kuna njia. Kétévi Assamagan, mwenye asili ya Togo, anafanya kazi Brookhaven, Marekani, maabara ileile ambako Davis alikuwa mwajiriwa alipokuwa akihesabu atomu zake. Yeye na wenzake walianzisha shule ya Fizikia ya Afrika, inayozunguka nchi hadi nchi tangu 2010. Mwaka 2016 ilifanyika Kigali. Hiyo ni safari ya basi kutoka River Road.

Sisemi kila mtoto wa Umoja, Kayole na Dandora awe mwanafizikia. Wengine tutauza viatu, wengine tutaimba, wengine tutarekodi video kama mimi. Ninachosema ni hiki: tuache kufurahia majina peke yake. Tunapenda sana kuona bendera yetu mahali. Msee akivaa jezi ya Kenya New York tunashiriki picha mara elfu. Lakini jina ni kibao cha mtaa tu. Uhuru Estate ina kibao pia, na kibao hakijawahi kumlipia mtu kodi.

Giacconi alikufa Desemba 2018. Alianza na sanduku la mvuke akingoja mistari, akaishia na orodha ya vitu 339 vyenye herufi yetu. Davis alingoja atomu 2,000. Koshiba alingoja 12. Kazi hiyo haihitaji mtu wa mtaa fulani. Inahitaji mtu anayeweza kungoja bila kukata tamaa, na sijui mahali duniani ambapo watu wamefunzwa kungoja kuliko sisi. Tunangoja maji, tunangoja stima, tunangoja mat Jogoo Road mvua ikinyesha. Mvumilivu hula mbivu, lakini lazima kwanza awe karibu na mti.

Jana usiku nilienda mezani. Fomu ilikuwa bado pale, ile sehemu ya mkondo haijajazwa. Nikamwambia, "Siz, ile kitu nilisema, nilikosea."

Akasema, "Gani?" Alikuwa anajua ni gani.

"Ya Fizikia."

Akasukuma fomu kwangu pamoja na kalamu. "Basi andika wewe. Ndio ukicheka tena nikuonyeshe mwandiko wako."

Nimeandika. Mathe ametia sahihi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, na hakusema kitu. Safari hii nadhani nilimwelewa.